Sheria ya Kazi Ishuke Hadi Kwenye Duara

Kata ya Lusu, wilayani Nzega, imeonja kazi ya dhahabu ya namna mbili. Moja ililetwa na Golden Pride, mgodi wa kampuni ya Resolute ya Australia, uliotoa dhahabu yake ya kwanza Novemba 1998 na kuzinduliwa mwaka uliofuata. Aliyeajiriwa pale alikuwa na kitambulisho, hati ya mshahara, zamu inayojulikana, makato ya pensheni na kofia ngumu. Baada ya miaka 15 hivi uzalishaji ukakoma. Nyingine ilikuwepo kabla ya kampuni kuja na imebaki baada ya kampuni kuondoka: duara, yaani shimo la kuchimbia, kamba, nyundo, tochi ya kichwani na ahadi ya mdomo.

Hatusemi enzi ya kampuni ilikuwa pepo. Wananchi waliopisha mgodi wana yao ya kusema, na ushuru wa huduma wa Halmashauri ya Nzega uliwahi kuzua mvutano mrefu. Tunachosema ni kwamba mfanyakazi wa kampuni akiachishwa kazi alijua pa kwenda kudai. Kijana anayeshuka duarani leo hajui, na wenye madaraka wanamchukulia kama mtu ambaye sheria ya kazi haimhusu. Inamhusu.

Duara lina watu wake. Kuna mwenye leseni, ambaye mara nyingi haonekani pale ila siku ya kuchukua chake. Kuna mwenye duara, aliyepewa eneo na mwenye leseni, anayegharamia magogo ya kukingia kuta, pampu ya kuvuta maji, mafuta ya jenereta, baruti na chakula. Kuna msimamizi. Halafu kuna wachimbaji wenyewe, nyoka kama wanavyoitwa machimboni. Juu wapo wavuta kamba, wapondaji, vijana wa karasha, mashine ya kusaga mawe, na wanawake wa mwaloni, pa kuoshea, wanaokamata dhahabu kwa zebaki mikono mitupu. Wote hawa wanatoka jasho. Uliza sasa nani kati yao ameajiriwa, utajibiwa hakuna.

Utaratibu ni huu. Mchimbaji anapewa posho ya kula mpaka mwamba utoke, kisha analipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe. Akivunjika mguu kabla ya hapo, ni bahati mbaya. Akifukuzwa siku mbili kabla ya mwamba kutoka, mgao wake unahamia kwa aliyechukua nafasi yake, au haumfikii mtu yeyote. Mwenye duara atakwambia bila haya kwamba huyu si mfanyakazi wangu, ni mwenzangu. Mwenza gani asiyekuwepo dhahabu ikipimwa, asiyejua imeuzwa kwa bei gani, na anayeweza kufukuzwa lakini hawezi kumfukuza mwenzake?

Sheria haidanganyiki na jina hilo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya saba. Namna anavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine. Saa zake zinapangwa na mtu mwingine. Anafanya kazi kama sehemu ya taasisi hiyo. Katika miezi 3 iliyopita amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi. Anamtegemea kwa kipato. Anapewa vifaa vya kazi. Anamfanyia kazi huyo peke yake. Moja tu linatosha. Nyoka wa kawaida anaweza kuwa nayo sita kabla ya chai ya saa nne.

Wala kukosa karatasi si mwisho wa habari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi na kuyaeleza kwa namna ambayo mfanyakazi anaielewa. Mwajiri asipoandika, kisha mgogoro ukafika mbele ya mwamuzi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Kwa maneno mengine, aliyekataa kuandika mkataba ili abaki salama amejifunga mwenyewe. Wenye maduara wengi hawajaambiwa hivyo, na wachimbaji ndiyo kabisa.

Watatokea wa kusema sheria ni mambo ya mjini, na kwamba huku kazi imekwenda kwa mdomo tangu zamani. Zamani ipi? Unyamwezi ni nchi ya wapagazi. Katika karne ya 19, misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilibebwa zaidi na mabega ya Wanyamwezi, na wengi wao walikuwa watu huru walioafikiana ujira kabla ya kuinua mzigo. Mzigo ulikuwa na kiwango, kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Posho ilikuwa na kipimo, kibaba cha nafaka kwa siku au thamani yake kwa kitambaa. Kulikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele na wanyapara waliowasemea wenzao. Tajiri akiongeza mzigo njiani au akipunguza kibaba, mizigo ilitua chini na msafara ukasimama mpaka maneno yaishe. Wazungu waliosafiri njia hiyo wamejaza vitabu kwa malalamiko juu ya migomo hiyo, na wapagazi waliotoroka nao ni wengi. Hayo yote yalikuwa ya mdomo, ndiyo, lakini kila mtu aliyajua na kulikuwa na nguvu ya kuyasimamia. Duarani leo mdomo umebaki, nguvu haipo.

Sheria za kuandikwa zilipokuja, hazikuja kwa faida ya mbebaji. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya Tanganyika, ya 1923, ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Kwenye mashamba ya mkonge, ambako vijana wa Tabora walikwenda kwa wingi, kilikuja kipande, kadi ya siku 30 za kazi ambazo mtu alipaswa kuzimaliza ndipo alipwe. Uhuru ulipopatikana, Sheria ya Usalama wa Ajira ya 1964 ilimnyang'anya mwajiri uhuru wa kumfukuza mtu papo hapo atakavyo. Zile mbili za 2004, tulizozitaja, ndizo tunazoishi nazo mpaka sasa. Zimempa mfanyakazi saa 45 kwa wiki, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua pacha, na haki ya kuelezwa sababu kabla ya kuachishwa. Mabadiliko ya 2025 yamemwongezea muda wa likizo mama aliyejifungua mtoto njiti. Ni mambo mazuri. Mama wa mwaloni mwenye mimba ya miezi minane hana habari nayo, kesho asubuhi atakuwa na zebaki mkononi.

Tuwasikilize na wenye maduara, maana si mabepari wa kwenye katuni. Wengi walianza kama nyoka. Mtu anauza ng'ombe, anakopa, anachimba miezi minane, na mwamba hautoki. Ukimwambia alipe mshahara wa kila mwezi kwa watu 12 atafunga duara, na wale 12 watarudi kijijini mikono mitupu. Mgao, anasema, unagawa faida na hasara pia. Na kweli wapo wachimbaji wanaoupenda kuliko mshahara, kwa sababu mwamba ukitoka vizuri, mfuko mmoja unaweza kuzidi mshahara wa mwaka wa karani.

Hoja hiyo ina uzito, na gazeti hili haliombi mgao ufutwe. Lakini hasara haigawanywi sawa. Mwenye duara anapoteza ng'ombe, mchimbaji anapoteza mguu. Na mgao usioandikwa una tabia moja mbaya: unabadilika siku ile ile mwamba unapotoka. Tunachotaka ni mgao ulioandikwa, wenye sakafu chini yake. Mifuko mingapi kwa nani, nani atakuwepo ikihesabiwa, anayeondolewa katikati atalipwa nini kwa miezi aliyochimba, na posho isishuke chini ya kima cha chini cha mshahara cha sekta yake. Hayo yanaingia kwenye ukurasa mmoja.

Linakuja suala la ajali, na hapa hatuna subira. Agosti 2025, kwenye machimbo ya Nyandolwa, Shinyanga, ardhi ilititia na watu 25 wakafukiwa. Mwaka 2015, huko Nyangarata, Kahama, wachimbaji walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, taifa likashangilia, kisha likasahau. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya 2008. Mchango unalipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, na kwa sekta binafsi umeshuka kutoka asilimia 1 ya mishahara hadi asilimia 0.5. Kwa mtu anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,500. Hakuna mwenye duara anayeweza kutuangalia usoni akasema shilingi 1,500 zitamfilisi. Mafuta ya pampu ya siku moja yanazidi hapo.

Na Serikali isituambie kwamba watu hawa hawahesabiki. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa mwaka 2019, dhahabu ya mchimbaji mdogo inapimwa kwa gramu na kuandikwa. Mabadiliko ya sheria ya 2017 yaliweka mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na wakusanyaji wanajua kuifuata gramu mpaka mfukoni. Leseni ya uchimbaji mdogo ina ramani, namba, jina na muda wa miaka 7 kabla ya kuhuishwa. Dola inayojua dhahabu ya Lusu imetoka kwenye leseni ipi inashindwaje kujua imechimbwa na nani? Haijashindwa. Haijauliza.

Kisheria afisa kazi anaweza kuingia mahali pa kazi bila kubisha hodi, akadai kuona kumbukumbu, akatoa amri ya utekelezaji. Ni mamlaka makubwa, ila yanahitaji gari, mafuta na mtu wa kuyatumia. Ofisi ikiwa Tabora mjini na machimbo yakiwa zaidi ya kilometa 100, mamlaka yanabaki kwenye makabati. Kwa upande mwingine, afisa madini hufika machimboni. Inashangaza kwamba wizara mbili za serikali moja haziwezi kupanda gari moja.

Dhahabu isitusahaulishe tumbaku, ambayo ndiyo iliyoijengea Tabora jina sokoni. Kibarua wa msimu anafika kwenye kitalu, mara nyingi akitoka Kigoma au Burundi, anapandikiza mvua zikianza, anapalilia, anachuma, anakesha kwenye bani, banda la kukaushia majani, akilisha moto kuni, anafunga mitumba. Malipo? Baada ya soko. Soko likichelewa, naye anachelewa. Jani likipewa daraja la chini, tajiri anakunja uso na ujira unapunguzwa, kana kwamba kibarua ndiye aliyepanga madaraja. Amri za mishahara zinataja malipo ya saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi. Baada ya soko hazijalitaja popote. Amri iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kama kima cha chini cha kilimo, na amri mpya ya Januari 2026 imepandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo fedha za tumbaku zinapitia, vina uwezo wa kuhakikisha ujira wa kibarua unatengwa kama vinavyotenga deni la mbolea. Mbolea haikosi kulipwa.

Wakulima wenyewe ni maskini, tunajua, na wanunuzi wanawachelewesha. Basi shinikizo lipande juu kwa mnunuzi, lisiishie kwa mtu aliyelala kwenye bani.

Mjini nako mambo si shwari. Waajiri wakubwa wamegundua raha ya kuajiri kupitia wakala: mlinzi, mfagizi, dereva, hata karani, mtu anafanya kazi jengo moja miaka minne na hajui bosi wake ni nani. Mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni za kuwazuia mawakala wa ajira wasijifanye waajiri. Mtindo umebadili nguo tu. Kijana wa bodaboda anayepeleka vifurushi naye anaambiwa ni mfanyabiashara huru, huku njia, bei na adhabu vikipangwa na mtu mwingine kwenye simu. Yale mambo saba ya kifungu cha 61 yanamhusu hata yeye.

Simu hiyo hiyo inaweza kumsaidia yeye na mchimbaji. Siku hizi posho hulipwa kwa M-Pesa au mitandao mingine, na kila meseji ina jina la aliyetuma, kiasi, siku na saa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za namna hiyo kama ushahidi. Miezi mitatu ya meseji za kila Jumamosi kutoka kwa mtu yule yule inazungumza kuliko mashahidi watano, ambao kwa kawaida wameshahamia machimbo mengine. Vijana, msizifute. Na mwenye duara anayelipa kwa haki ataona kwamba meseji hizo zinamlinda yeye pia.

Kuna mwiko mmoja ambao hauna mjadala. Sheria inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kuajiriwa mgodini. Kijana wa miaka 15 anayeshushwa kwa kamba kwa sababu ni mwembamba na anapenya vizuri hajakomaa kwa mkataba wala kwa mgao. Hapo hatuombi ukurasa mmoja, tunaomba polisi.

Kwa mengine, madai yetu kwa Serikali ni ya kutekelezeka. Tume ya Madini isihuishe leseni yoyote ya uchimbaji mdogo mpaka mwenye leseni aonyeshe orodha ya watu walioko kwenye maduara yake, mikataba yao ya mgao na usajili wa Mfuko wa Fidia. Wizara inayoshughulikia kazi iandike mkataba wa mfano kwa Kiswahili cha kawaida. Bunge liliamua mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, basi kiwe pia lugha ya duara. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipange siku maalumu kila mwezi za kusikiliza mashauri Nzega, maana nauli ya kwenda na kurudi Tabora mara tatu inakula madai yenyewe. Na vyama vya wafanyakazi vya migodini, vilivyozoea milango ya migodi mikubwa, vije machimboni vikute wanachama wanaovisubiri. Oktoba 2007, kwenye mgodi wa Bulyanhulu, zaidi ya wafanyakazi 1,000 walipoteza kazi baada ya mgomo uliohesabiwa kuwa haramu. Kanuni za mgomo halali, yaani usuluhishi kwanza, kura, kisha taarifa ya saa 48, mtu hafundishwi na hasira, anafundishwa na chama.

Wamiliki wa maduara wasisubiri kulazimishwa. Anayeandika mgao wake leo atapata wachimbaji bora kesho, kwa sababu machimboni habari za tajiri mkweli zinasambaa haraka kuliko za mwamba mpya.

Na wewe msomaji uliyeambiwa wiki hii usirudi kazini, iwe duarani, shambani au getini, siku zako zimeshaanza kuhesabiwa. Una siku 30 tangu ulipoachishwa kupeleka lalamiko lako kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na 60 kama unadai mambo mengine kama ujira uliozuiwa. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo haki, lakini ujira wa siku alizofanya ni wake na anaweza kuudai. Jaza fomu namba 1 ya Tume, mpe mwajiri nakala, nenda na simu yako yenye meseji za malipo. Unaweza kwenda peke yako, na chama chako, au na mwakilishi. Tume haitozi ada.